Nakala ya Tatu

Alikuja umeme ulipotoka tu kurudi,
daftari la mizani kalifunga kwa kitenge cha mkewe
kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.
"Ukurasa shilingi ngapi?" Nikamwambia mia.
Akahesabu kurasa, akahesabu sarafu.
Havikulingana.

Mimi ni Biasha wa stesheneri, Newala, karibu na stendi.
Natoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, barua za mirathi.
Sijawahi kuapa kumtetea mtu.
Lakini jicho la mwenye mashine husoma hata lisipotaka:
gunia moja, kilo themanini na mbili, kalamu ya buluu;
gunia lile lile, themanini, kalamu nyekundu.
Gunia, gunia, gunia. Kurasa arobaini na moja.
Pembeni, kwa mwandiko wa mkubwa, neno moja: unyaufu.

Korosho hunyauka, kweli. Hata sisi.
Ila hainyauki kati ya mlango na mizani,
hatua sita, asubuhi ya ukungu.

Nikatoa nakala mbili alizolipia
na ya tatu ambayo hakuiomba. Nikamwonyesha.
"Hii nikuwekee, au niichome hapa ukiona?"
Alikaa kimya mpaka mashine ikapoa.
"Iweke. Jina langu usiliweke popote."

(Humu namwita Nambole. Si jina lake.)

Nikaificha chini ya karatasi za rangi,
zile zisizonunuliwa mpaka mahafali.

Wiki ya pili hakuwa karani tena.
Wiki ya tatu alikuwa mwizi wa daftari.
Msimu ulipokolea, kwenye vilabu vya uraka,
yeye ndiye aliyechelewesha malipo ya kijiji kizima.

Hapo akahitaji watu wa nje,
na nje si lazima iwe mbali.
Nje ni Mwalimu Chilumba wa Masasi, mstaafu,
hana mkorosho hata mmoja, kwa hiyo hakuna
wa kumnyima salfa. Nakala ya pili ilimfikia kwa kondakta,
ndani ya kiroba cha makopa.
Nje ni Somoe Likwata, wakili, Lindi mjini,
aliyeuliza kwanza kodi ya nyumba inaisha lini
ndipo akauliza habari za mizani.
Nje ni fundi baiskeli aliyempa kibarua cha kuziba pancha,
wateja wengine wakaona heri kukokota.

Akaja na kijana wa Mtwara, kamera shingoni.
Alitaka sura ya Nambole, mikorosho nyuma yake.
"Dunia nzima itamjua!"
Somoe akamjibu, "Dunia haikai Newala. Yeye anakaa."
Kijana akafunika lenzi. Nilidhani ataondoka.
Alizunguka vijiji siku nne kwa bodaboda,
akarudi na wakulima kumi na tisa, kila mmoja na stakabadhi yake,
ili jambo lisiwe la mdomo mmoja.

Na mimi?
Mimi niliropoka. Foleni ya maji, mtu akamtaja kwa ubaya,
nikasema: "Mwizi gani huyo? Kurasa nimeziona mimi mwenyewe."
Maneno saba.
Usiku ule mawe yalitua kwenye bati lake,
kwangu halikutua hata moja.
Nilidhani namtetea. Nilikuwa najipamba.

Nilimfuata kwa fundi, nikakiri.
Hakuinua uso, mpira wa tairi ndani ya karai,
anatafuta pale panapotoa mapovu.
"Bado unayo?"
"Ninayo."
"Basi kaa nayo."

Shauri limeahirishwa mara tatu.
Mabibo yananuka tena mji mzima.
Juzi, wanasema, mama mmoja alisimama mbele ya mizani
akaisoma namba kwa sauti, na aliyemfuata akasoma yake.
Sikuwepo. Nakupa kama nilivyopewa.

Mahafali yamekaribia. Wanafunzi wanakuja
kununua karatasi za waridi, za kijani.
Nauza za juu. Lundo linapungua.
Nimeagiza nyingine.